Mavuno Huamuliwa Kabla ya Shamba

(Hotuba iliyotolewa kwa wakulima wa bustani za nyumbani hapa Lushoto. Wengi walikuwa sokoni siku hiyo na wameomba kuisoma, kwa hiyo tunaiweka yote.)

Mwenyekiti wetu, mabwana shamba na mabibi shamba mliofika, wazee, mama zangu, kaka zangu na dada zangu. Asalaam aleykum. Bwana Yesu asifiwe. Nawashukuru kwa kuziacha kabichi na karoti zenu mkaja kunisikiliza.

Najua wengi mmekuja na maswali ya nailoni ya kufunikia kitalu nyumba, yaani banda la kulelea mimea. Inauzwa wapi, mita ni shilingi ngapi, inadumu misimu mingapi. Ni maswali ya haki na nitayagusa. Lakini naomba nisianzie huko, kwa sababu nimeona vitalu nyumba vya nguzo za chuma na neti mpya ambavyo ndani yake hamna mche hata mmoja wa kujivunia. Na nimeona vibanda vya mianzi nyuma ya jiko, hatua nne kwa sita, vinavyotoa miche ambayo majirani wanaiwekea oda kabla haijaota. Tofauti iko wapi?

Ili nijibu, niruhusuni nirudi nyuma kidogo kwenye historia ya mkoa wetu huu wa Tanga.

Katika miaka ya 1892 na 1893 mimea miwili ilipishana njia hapa kwetu, mmoja ukitoka na mwingine ukiingia. Uliotoka ni kile kiua kidogo cha zambarau kinachoota kwenye miamba yenye kivuli katika misitu ya Usambara. Mtawala wa Kijerumani wa wilaya, Walter von Saint Paul-Illaire, alizipeleka mbegu zake kwa baba yake Ujerumani, zikafika mikononi mwa Hermann Wendland, mkuu wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover. Mbegu za ua lile ni ndogo mno, karibu vumbi. Hazifukiwi, hunyunyizwa juu ya udongo tu. Zikasiwa ndani ya nyumba ya vioo, katika nchi yenye theluji, zikaota. Mwaka 1893 Wendland akaupa mmea huo jina la kisayansi, Saintpaulia ionantha, na leo uko kwenye vyungu madirishani Ulaya nzima na Marekani.

Ulioingia ni mkonge. Daktari Richard Hindorf aliagiza vichipukizi 1,000 vya mkonge kutoka Florida, Marekani, vije kupandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Vilipofika mwaka 1893, vilivyokuwa hai vilikuwa 62. Sitini na mbili katika elfu moja! Na ninyi mnaujua mkonge. Mnapita Mombo na Korogwe kila siku, mnauona umesimama kwenye jua kali, mvua isiponyesha miezi na miezi, wala haujali.

Sasa niwaulize. Ilikuwaje mmea mlaini wa kivulini ukastawi kwenye nchi ya barafu, na mmea sugu kuliko yote tunayoijua ukafa kwa mamia? Jibu ni umri. Mkonge ule ulikuwa mchanga na ulikuwa safarini. Ua lile nalo lilikuwa changa, lakini kulikuwa na mtu aliyelipangia joto, maji, mwanga na udongo wake, tangu siku ya kwanza hadi lilipopata nguvu. Hakuna mmea sugu utotoni, ndugu zangu. Nyanya si sugu, kabichi si sugu, hoho ndiyo kabisa. Kitalu nyumba kinajengwa kwa ajili ya umri huo wa udhaifu, na mkulima anayekijua kitalu chake anajua kwamba mavuno huamuliwa kabla mche haujagusa shamba.

Na vile vichipukizi 62, je? Ndivyo vilivyozaa mashamba yote. Kufikia miaka ya 1960 Tanganyika, na baadaye Tanzania, ilikuwa ikiongoza duniani kwa mkonge, zaidi ya tani laki mbili kwa mwaka. Historia ya mkonge ina jasho na machozi ya manamba, watu waliotolewa makwao mbali kuja kuufyeka, na si haki kuitaja bila kuwakumbuka. Babu za baadhi yetu tulioketi hapa walikuwa miongoni mwao. Ila kwa habari ya miche, shikeni hili: mashamba yote yale yalitoka kwenye miche michache iliyofika ikiwa hai. Nitalirudia, kwa sababu bado tunahesabu trei badala ya kuhesabu miche yenye afya.

Basi twende kwenye kazi yenyewe.

Kitalu nyumba kinakupa vitu vitatu: unaamua maji yaingie lini, unazuia baridi ya usiku, na unawazuia wadudu mlangoni. Hapa kwetu usiku wa Juni na Julai mbegu ya nyanya iliyosiwa nje inakaa ardhini wiki mbili inatafakari. Nyanya huota vizuri zaidi joto la udongo likiwa kati ya nyuzi 25 na 30. Ukilipata joto hilo, siku ya sita au ya saba unaona shingo zinainuka. Hoho huchukua muda zaidi, wakati mwingine wiki mbili. Tango ni siku tatu hadi tano tu.

Lakini joto hilohilo ni hatari. Saa sita mchana, jua likiwa kali na mlango umefungwa, ndani mwa nailoni joto linapita nyuzi 40 bila taabu. Mbegu ya letusi ikizidishiwa nyuzi 30 inagoma kuota hata kama ni nzima na umeinunua jana. Wangapi wamelalamika kwamba letusi waliyonunua ni feki, kumbe waliisia mchana kwenye banda lililofungwa? Letusi isie jioni, trei iweke kivulini, funika kwa udongo kiduchu sana maana mwanga unaisaidia kuota. Na banda lifunguliwe saa mbili au saa tatu asubuhi, lifungwe saa kumi jioni kabla baridi haijashuka. Hewa ya moto hupanda, kwa hiyo acha tundu juu karibu na paa, si dirisha la chini peke yake. Nailoni iwe ile ya maikroni 200 iliyotiwa kinga ya jua, na uioshe, kwa sababu nailoni yenye vumbi inawanyima miche mwanga. Neti iwe ya matundu madogo yanayomzuia nzi mweupe. Nzi mweupe ndiye anayeleta ule ugonjwa wa nyanya kujikunja majani na kuwa njano, ambao wengi tunauita rasta, na mche ukiupata ukiwa na majani mawili, hata ukikua hautakupa tunda la maana. Nimemaliza habari ya nailoni.

Sasa naomba masikio yenu kwenye udongo na maji, kwa sababu hapa ndipo miche mingi inapofia.

Kijana mmoja wa kata ya jirani alinipigia simu akiwa na hasira. Alikuwa amenunua mbegu chotara, zile zinazouzwa kwa kuhesabiwa. Zikaota zote, kitalu kikawa kijani. Baada ya wiki moja miche ikaanza kulala. Leo kiraka hapa, kesho kiraka pale, na kila mche ulioanguka ulikuwa bado na majani mazima ya kijani. Alikuwa njiani kwenda kugombana na mwenye duka. Nikamwomba kwanza ang'oe mmoja aangalie shina pale linapogusana na udongo. Akasema limesinyaa na kuwa jeusi.

Hicho ni kinyausi. Mabwana shamba hapa watawaambia vijidudu vyenyewe ni Pythium, Rhizoctonia na ndugu zao, na vinaishi udongoni. Mbegu haina kosa hata kidogo. Tulipokwenda kuangalia, udongo aliujaza kutoka tuta la nyanya za mwaka uliopita. Mbegu alizisia nene, mche kwa mche. Alimwagilia jioni akitoka kazini, akafunga mlango, miche ikalala na maji usiku mzima ndani ya banda lisilo na hewa. Mambo yote manne yanayopendwa na kinyausi yalikuwa pale, na hakuna hata moja lililotoka dukani.

Tulifanya nini? Tulipika udongo. Wengine mnashangaa, lakini ni kazi ya pipa na kuni chache. Weka maji kidogo chini ya pipa, weka chekeche au matofali yenye bati lililotobolewa, jaza udongo wenye unyevu juu yake, funika. Mvuke ukipita na udongo ukafika nyuzi 70 hadi 80 kwa nusu saa, vijidudu vya kinyausi vinakufa. Huna kipimajoto? Fukia kiazi mviringo kimoja katikati ya udongo. Kikiiva, na udongo umeiva. Uache upoe kabisa ndipo usie. Asiye na kuni, wakati wa jua la Januari na Februari alowanishe udongo wake, aufunike kwa nailoni inayopitisha mwanga, aubane kingo zote, auache wiki nne hadi sita.

Mchanganyiko wenyewe ni rahisi. Kwa kitalu cha chini au makopo, sehemu mbili za udongo safi, moja ya mboji iliyooza vizuri, moja ya mchanga wa mto. Kwa trei, kokopiti, yaani makumbi ya nazi yaliyosagwa, ni nzuri kama mfuko unaruhusu. Kama hauruhusu, mboji iliyochekechwa pamoja na pumba za mpunga zilizochomwa zikawa nyeusi inatosha, na pumba mnazipata kwenye mashine za Mombo. Samadi mbichi hapana. Inaunguza mizizi.

Na kuna jambo linaniuma, nitalisema waziwazi. Tuna tabia ya kupanda Magamba na gunia kuchukua udongo mweusi wa msituni, tukisema ndio mzuri kwa miche. Magamba ni hifadhi ya mazingira asilia. Maji tunayomwagilia yanatoka kwenye msitu ule. Ukichimba udongo wake ili uoteshe nyanya, umeipunguzia nyanya yako maji ya kesho. Mboji inatengenezeka nyuma ya jiko la kila mmoja wetu kwa majani, maganda na samadi. Miezi mitatu minne, ukiigeuza, imekuwa nyeusi na haina harufu. Naomba sana, msitu tuuache.

Turudi kwenye maji. Mwagilia asubuhi. Jioni majani yawe makavu. Asubuhi! Usimwagilie kwa kuwa saa imefika, mwagilia kwa kuwa udongo unahitaji. Utajuaje? Inua trei. Ukiizoea, mkono wako utakuambia trei iliyoshiba ina uzito gani na yenye kiu ina uzito gani. Matone yawe madogo, kutoka keni yenye kichwa cha matundu, maana maji ya jagi yanazihamisha mbegu na kulaza vichipukizi. Bora zaidi, iketishe trei kwenye beseni la maji ya vidole viwili, iache inyonye kutoka chini, kisha itoe. Maji yawe ya uvuguvugu wa hewa. Maji ya bomba ya alfajiri ya Julai yanaishtua mizizi.

Niwape kisa cha pili, na hiki kinahusu ugonjwa unaotisha zaidi. Mama mmoja alikuwa na nyanya ndani ya kitalu nyumba, nzuri, zimefika kifuani, zimeanza kutoa maua. Siku moja mchana mimea mitatu ikanyauka ikiwa ya kijani kabisa. Jioni ikainuka. Kesho ikanyauka tena, haikuinuka. Akaongeza maji. Ikaongezeka mingine. Akaongeza maji tena. Bwana shamba alipofika hakutoa dawa kwenye begi. Aliomba glasi ya maji safi na kisu. Alikata kipande cha shina karibu na ardhi, akakining'iniza ndani ya maji, akasema tusubiri. Ndani ya dakika chache ukaanza kushuka ute mweupe kutoka kwenye shina, ukaenda chini ya glasi. Yule mama akauliza ni maziwa ya nyanya? Akajibiwa ni bakteria.

Huo ni mnyauko bakteria, Ralstonia solanacearum, na hauna dawa ya kupuliza. Unakaa udongoni miaka. Unashambulia nyanya, viazi mviringo, hoho na biringanya, wote wa ukoo mmoja. Wenzetu wa Kenya waliojenga vitalu nyumba kwa wingi kabla yetu walikutana nao, na wengi walibaki na nguzo na nailoni bila mazao, kwa sababu ndani ya banda unapanda nyanya juu ya nyanya na udongo haupumziki. Yule mama alihamia kwenye kabichi na letusi kwenye udongo ule, na nyanya zake akazipanda kwenye mifuko yenye mchanganyiko safi. Ipo pia njia ya kubebesha: unachukua mche wa nyanya unaoipenda na kuubebesha juu ya biringanya linalostahimili mnyauko. Kituo cha World Vegetable Center, ambacho kwa upande huu wa Afrika kipo Duluti pale Arusha, kimefanya kazi kubwa kwenye aina hizo za biringanya. Ni kazi ya mikono inayohitaji mafunzo, na ningetamani vijana wetu wawili watatu wakajifunze.

Ugonjwa huo uliingiaje kwenye banda la yule mama? Kwa udongo wa viatu, au kwa mche ulionunuliwa. Ndiyo maana nasisitiza usafi kuliko nailoni. Trei za zamani zioshwe kwa sabuni, kisha zilowekwe kwenye maji yenye dawa ya klorini ya kufulia, kipimo kimoja cha dawa kwa vipimo tisa vya maji, kwa nusu saa, kisha zisuuzwe. Mlangoni kuwe na chano lenye dawa la kukanyagia. Anayevuta sigara anawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa nyanya au hoho, kwa sababu kirusi cha tumbaku kinatembea kwenye vidole. Na kabla ya kununua mche kwa mtu, geuza majani yake. Kantangaze, yule nondo mdogo anayeharibu nyanya, alionekana nchini kwa mara ya kwanza mwaka 2014 kule Arusha, na kila alikofika, moja ya njia zake za kusafiri ni miche inayobebwa kutoka wilaya hadi wilaya.

Kuhusu mbegu sitasema mengi. Nunua yenye nembo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu. Zile nyanya za Tanya na Tengeru 97 tunazozijua zilitoka mwaka 1997 kwa kazi ya watafiti wetu wa Tengeru, na si chotara, kwa hiyo unaweza kujiwekea mbegu kutoka tunda bora. Chotara ukirudia mbegu yake, watoto hawafanani na mama. Mbegu zihifadhiwe pakavu na penye ubaridi, kamwe si juu ya jiko. Ya kitunguu haivumilii kukaa, nunua mpya kila mwaka. Ukiwa na shaka na pakiti, weka mbegu kumi kwenye kitambaa chenye unyevu, kunja, weka mahali pa joto. Zikiota nane, sia kwa amani. Zikiota tatu, usipoteze udongo wako uliopikwa. Kina cha kusia ni mara mbili au tatu ya unene wa mbegu, basi.

Mbegu zikishaota, adui mwingine ni kurefuka. Mnaijua ile miche mirefu, myembamba, ya rangi iliyopauka, inayoegemeana? Inatafuta mwanga. Ama imebanana, ama nailoni ni chafu, ama banda liko chini ya mparachichi. Watu wengi wakiiona wanaongeza mbolea. Mbolea inazidisha urefu! Ipe mwanga na nafasi. Weka trei juu ya kichanja, si chini. Kichanja kinafanya kazi mbili: hewa inazunguka, na mizizi inayotoka kwenye matundu ya chini ikikutana na hewa inakauka ncha, kisha inatawanyika ndani ya tundu. Trei ikikaa chini, mzizi unaingia ardhini, na siku ya kuhamisha unaukata.

Na kuna jambo dogo ambalo napenda kulifundisha. Nyanya zikiwa na majani mawili halisi, kila asubuhi, majani yakiwa makavu, pitisha kipande cha karatasi au mkono mwepesi juu yake, kwenda na kurudi mara kadhaa. Zinatikisika kidogo tu. Mche unaotikiswa hutengeneza shina fupi na nene. Nje upepo ungefanya kazi hiyo, lakini ndani ya banda hakuna upepo, ni lazima wewe uwe upepo. Hoho usizifanyie hivyo, majani yake huumia.

Sasa tuko wiki ya tatu, ya nne. Mche wa nyanya una majani manne au matano, urefu wa kiganja, shina nene kama penseli haiwezekani bado lakini lisimame lenyewe. Mnaharakisha kupandikiza. Naombeni msiharakishe.

Mche uliolelewa ndani ya nailoni haujui jua la moja kwa moja. Haujui upepo, haujui kiu. Ukiutoa ghafla ukaupeleka shambani, majani yanaungua na kuwa meupe, na mkulima anasema ni ukungu. Miche lazima ikomazwe. Ni kumwachisha mtoto ziwa: hakufanywi kwa siku moja na hakufanywi kwa kumfungia nje. Siku ya kwanza na ya pili trei zitoke nje kivulini kwa saa chache, zirudi. Siku ya tatu zipate jua la asubuhi. Siku ya tano zikae kutwa. Mwisho zilale nje. Siku saba hadi kumi kwa jumla. Katika siku hizo punguza maji, lakini usifike mahali mche unanyauka. Acha mbolea ya naitrojeni. Ngozi ya jani inakuwa ngumu, nta inaongezeka, sukari inajikusanya ndani. Mche utaonekana umedumaa kidogo na rangi imekolea. Msiogope, ndiyo nguvu yenyewe hiyo.

Dada mmoja tuliyekuwa tunafanya naye kazi alilea kabichi nzuri mno, na mteja akaja siku ambayo hakutegemewa akitaka kuzichukua zote. Dada yule alikataa kuuza. Akasema, rudi baada ya wiki, hazijakomaa. Mteja akaondoka kwa hasira, akanunua kwingine, akapanda Jumamosi ya jua. Wiki iliyofuata alirudi mwenyewe kwa miguu yake. Nalisema hili kwa wote mnaofikiria biashara ya miche: kukataa kuuza mche usio tayari ni sehemu ya biashara.

Siku ya kupandikiza, chagua jioni kuanzia saa kumi, au siku ya mawingu. Mwagilia trei saa moja kabla, ili udongo ushikane na mizizi. Sukuma mche kutoka chini ya tundu. Ukiushika, shika jani, usishike shina. Jani likikatika litaota lingine, shina likipondeka umeupoteza mche. Kwa nini jioni? Mzizi unanyonya maji kwa vinyweleo vidogo mno ambavyo macho hayavioni, na hata uhamishe kwa uangalifu namna gani, vingine vinakatika. Usiku kucha mche unavirudishia bila jua kuudai maji. Ukipanda saa tano asubuhi, jua linadai na mzizi hauna cha kulipa.

Nyanya izamishe ardhini hadi karibu na majani ya chini, maana shina lake lote linaweza kutoa mizizi. Isipokuwa nyanya iliyobebeshwa, hiyo kiungo chake kisiguse udongo kamwe. Hoho ipande kina kilekile ilichokuwa nacho kwenye trei. Tango na maboga yahamishwe mapema, yakiwa na majani mawili halisi, pamoja na bonge lake zima la udongo, kwa sababu hayapendi mizizi kuguswa. Nyanya ipe sentimita 45 hadi 60 kati ya mche na mche. Penye sota, wale viwavi wanaokata mashina ya miche, zungushia shina kipande cha karatasi ngumu, nusu kiingie ardhini, nusu kibaki juu. Gandamiza udongo kwa vidole, mwagilia palepale, hata kama mvua inatishia.

Na sasa lile nililoahidi kulirudia. Mkiwa mnachagua miche ya kupanda, chagueni kwa ukali. Mche uliopinda mzizi, uliopauka, uliotoa ua ukiwa bado kwenye trei, ulio na doa usilolielewa, utupeni. Najua unauma. Umeumwagilia, umeuamkia alfajiri. Lakini mche dhaifu utakula mbolea ileile, maji yaleyale na palizi ileile ya mche mzima, na mwishoni utakupa nyanya tatu na ugonjwa kwa jirani zake. Mashamba ya mkonge ya mkoa mzima yalitoka kwenye miche 62. Wewe mwenye bustani ya robo eka, ukiwa na miche 300 isiyo na dosari, unahitaji nini na trei kumi za wasiwasi?

Nimesema vya kutosha kwa mdomo, na kazi hii inafundishwa na mikono. Pale chini ya turubai kuna udongo uliopikwa jana, kiazi chake kipo pembeni mkione. Kuna trei za matundu 72 zilizooshwa, na mbegu za hoho. Kila wawili wachukue trei moja, mbegu moja kwa tundu, kina nusu sentimita. Andikeni tarehe ya leo na majina yenu kwenye kijiti. Trei zitabaki hapa kwenye kichanja cha kikundi, na mwenyekiti atapanga zamu za kumwagilia, asubuhi peke yake. Zikiota tutakutana tena tufanye kazi ya kukomaza, na siku hiyo nitaomba tuje na wale waliokuwa sokoni leo.

Karibuni. Ndoo ya maji na sabuni iko upande wa kushoto, tuanze kwa kunawa.